Nguo Iliyobaki Nyuzi

"Ulitushonea karatasi, Mama Plamedie! Karatasi!"

Clotilde, wifi wa jirani yangu, alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta, ule ukuta mfupi wa matofali ambao siku za kawaida tunapitishiana juu yake chumvi, makaa na habari za watu. Kila aliposema karatasi, alinirushia nguo moja. Nguo zilitua juu ya mashini yangu ya kushona, juu ya sufuria ya chai, na moja ikamwangukia begani mpangaji wangu aliyekuwa anapiga mswaki. Ilikuwa Jumapili asubuhi na nyumba yangu ilikuwa imejaa, kama inavyopenda: wapangaji, wateja, wanawake wa kwaya waliokuja kuazima viti wakasahau kuondoka. Wote walinyamaza. Nyumba yangu huwa hainyamazi hata kwenye msiba.

"Karatasi ulifungiwa weye ulipozaliwa," nilimjibu. "Miye niko nashona mu Likasi hii tangu haujaolewa. Nguo yangu inazeeka, haipasuke."

"Na ya jana? Batu bote baliona! Bibi ya kaka yangu alibakia kifua inje mbele ya padri!"

"Padri alikuwa ameshaenda."

"Alikuwa pa mulango! Aligeuka!"

Mmoja wa wale wa kwaya akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Clotilde hakucheka. Alikuwa na macho yaliyovimba kwa kulia, na katikati ya matusi alikuwa anajikuna viganja, vyekundu kama vya mtu aliyemenya pilipili. Sikumchukia. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika kaka yake mmoja tu aliyekuwa naye, na jana yake aliona sherehe ya kumuaga kaka huyo ikigeuka kichekesho. Lakini mtu akikutukana kazi yako mbele ya wateja, huruma inangoja kwanza zamu yake.

Niliokota ile nguo ya mjane, au mabaki yake. Niliinyoosha juu ya ukuta ili aione vizuri.

"Kuya huku. Angalia. Huu ni mushono wangu: huu wa bega, huu wa ubavu, huu wa mukono. Uzi wote ulikamata. Vuta! Vuta na nguvu! Unaona? Kitambaa njo kimekimbia, mushono ulibakia."

Akavuta. Uzi haukukatika. Ulisimama hewani peke yake, mstari mrefu wa tundu za sindano ambazo hazikuwa na kitambaa cha kushika. Clotilde aliutazama. Niliona hasira inamtoka usoni, na mahali pake panakuja kitu kingine, kizito zaidi.

"Ni kweli," alisema polepole. "Kosa haiko kwako."

"Nilikuambia."

"Basi iko kwake yeye."

Akaweka mikono kichwani, akageukia nyumba ya kaka yake, na kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka njia ya Kambove akapaza neno moja: "Tshibawu!"

Nilikuwa nimeshinda ugomvi. Sijawahi kushinda kitu chochote maishani kilichonitia baridi namna ile.

Nikisimulia habari hizi leo, hapa hapa penye mashini, wateja wangu hucheka sana nikifika kwa padri. Nawaacha wacheke. Halafu nawaeleza tshibawu ni nini, na kicheko kinakufa chenyewe.

Kwa jirani zangu waliotoka Kasai, mke ni wa mume wake hata mume akiwa ameshazikwa, mpaka siku familia itakapomvua nguo nyeusi na kumvika mpya. Akilala na mwanamume mwingine kabla ya siku hiyo, ameivunja ndoa na marehemu, na uvunjaji huo una adhabu yake inayokuja peke yake, bila kutumwa na mtu. Hiyo ndiyo tshibawu. Haichagui. Inaweza kumwangukia mwanamke, inaweza kuwaangukia watoto wake au mtu yeyote wa nyumba ile. Mwanamke akitubu na kutaja jina la mwanamume, wanamwosha na mambo yanaisha. Akikataa, hakuna mtu atakayekubali kula sahani moja naye.

Na huyo aliyekuwa anashitakiwa alikuwa Marcelline, jirani yangu, mwanamke ambaye kwa mwaka mzima na zaidi nilimwona na gauni jeusi lile lile, akilifua jioni na kulivaa asubuhi likiwa bado na unyevu.

Mume wake, Stanislas, alikuwa fundi wa umeme. Bwawa la umeme la Koni tunalo karibu, mitambo inazunguka mchana na usiku, lakini umeme wenyewe unakuja kwetu kama mkwe: siku unayotaka wenyewe. Kwa hiyo Stanislas alikuwa anawafungia watu paneli za jua na betri. Nusu ya nyumba za mtaa wetu ziliwaka kwa mikono yake. Alikuwa mtu wa mzaha, mtu wa kuingia bila kubisha na kutoka na kipande cha mkate wako mdomoni. Alikufa kwa ugonjwa wa ini, na siku alipokufa alikuwa na rangi ya embe bivu. Kisha ukaja ule mwaka mweusi wa Marcelline, na mwisho wake familia ikateremka kutoka Lubumbashi na kutoka mbali zaidi, kuja kutoa kilio, yaani kumaliza msiba.

Nguo za siku hiyo, kitenge kimoja kwa wanawake wote wa ukoo, kahawia na buluu nzito, nilizishona mimi. Ya Marcelline niliitia kola ya dantela, lesi nyeupe. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuigusa kabla ya siku. Nguo mpya ya mjane hutayarishwa na dada za mume, na hapa dada alikuwa mmoja, Clotilde. Nilichukua vipimo kwa kumkisia Marcelline juu ya ukuta, akianika nguo. Clotilde alipojaribu yake rangi ikamchafua makwapa, akasema atazipitisha zote katika dawa ya kukamata rangi, kama anavyofanya kila mwanamke hapa na kitenge kipya. Ijumaa aliziloweka, akazianika, akazipiga pasi mwenyewe. Zilining'inia kwenye kamba zinapendeza, zimejipanga kama kwaya.

Jumamosi, baada ya misa, ua wao ulijaa watu mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta wangu. Papa Placide, baba mdogo wa marehemu, ndiye mkuu wa familia, mzee mrefu wa koti jeusi na leso nyeupe mfukoni. Alimshika Marcelline mkono akamtoa ndani, amevaa ile nguo mpya. Tulipiga vigelegele. Mwaka mzima tulikuwa tumesahau kwamba yule mwanamke ana shingo, ana kiuno. Ngoma ikaanza, ile mutuashi ya kwao ambayo haitaki mtu wa kusimama, na Marcelline akacheka kidogo, akainua mikono.

Nguo ikaanguka.

Nieleweni vizuri. Mimi kazi yangu ni vitambaa, naijua sauti ya kila kitambaa kinachopasuka. Hata nikiwa usingizini pamba na nailoni nazitofautisha. Hapa hapakuwa na sauti. Kitambaa kiliachana begani, kikateremka mbavuni mpaka nyongani, kimya, kama majivu yanavyoachana na karatasi iliyoungua ukiipuliza. Kola ya dantela ikabaki shingoni peke yake. Mishono yangu ikabaki inaning'inia mwilini mwake, nyuzi tupu, kama utando wa buibui uliosahau kukamata kitu.

Ngoma ilikatika. Marcelline hakujifunika hata. Aliangalia mikono yake, bado iko juu, kama mtu anayeuliza nani ameifanya hivi. Halafu, wakati tunamkimbilia na mashuka, mwanamke mmoja wa ukoo akapiga yowe: mkono wa nguo yake umetoka. Mwingine akainuka kutoka kwenye kiti, kitambaa cha nyuma kikabaki kwenye kiti. Wakaanza kujishika, kila mmoja mahali pake, wanatazamana. Watoto walilia. Wageni walitoka bila kuaga, na nyama ya mbuzi ikabaki katika masufuria na mafuta yake yakaganda.

Usiku ule walidhani kosa ni langu, fundi. Asubuhi nikawaonyesha kwamba si fundi.

Papa Placide hakupiga kelele. Ni hilo lililotisha. Aliwaketisha watu wake uani, akamwita Marcelline, na mimi nikapanda ukuta bila kuitwa.

"Mwana wangu," alimwambia, "basi ya Lubumbashi inaondoka alasiri. Taja muntu. Tunakuosha, tunakula, unabakia na nyumba na batoto. Ukikataa, Elikia na mudogo wake banaenda na shie leo. Hatuwezi kubaacha batoto mu nyumba yenye tshibawu."

"Rémy!" Clotilde alisema. "Ule fundi wa betri! Kila mwezi alikuwa anaingia humu!"

"Alikuwa anaangalia betri," Marcelline akasema.

"Mwaka muzima, betri!"

Marcelline alikuwa amevaa bubu langu, lile gauni kubwa, na ndani yake alionekana mdogo kama mtoto aliyevaa nguo ya mama. Alirudi chumbani. Nilimfuata. Watoto walikuwa wameketi kitandani na viatu vya kanisani miguuni, wamenyamaza, kama wameshaambiwa wajitayarishe.

"Angèle," aliniambia. Yeye peke yake mtaani ananiita kwa jina. "Hakuna muntu. Unanijua."

"Ninakujua."

"Nikisema hakuna, banachukua batoto. Nikisema iko, batoto banabakia." Alikuwa anafunga kamba ya kiatu cha Elikia, akaifungua, akaifunga tena. "Basi nitaje nani? Nisaidie kuchagua. Rémy iko na bibi. Nitaje mufu? Nitaje muntu alihama?"

Mwanamke aliyekuwa hajaguswa na mtu alikuwa anatafuta mwanamume wa kukiri, kama mtu anayepekua sanduku kutafuta nguo ya kuazima. Nilitoka nje ili asinione usoni.

Nilikaa kwenye mashini yangu na yale mabaki mapajani. Mikono yangu haijui kukaa bure, ikawa inachambua. Mfu anayekula nguo, ndivyo walivyokuwa wanasema uani. Sawa, na tuseme hivyo. Lakini mfu huyu alikula pamba akaacha uzi, na uzi wangu si wa pamba, ni ule unaong'aa wa kiwandani, mtoto wa plastiki. Aliacha dantela, nayo ni plastiki tupu. Nikageuza mgongo wa gauni. Zipu ilikuwapo, ya shaba, niliichagua mwenyewe kwa uzuri wake. Meno yake yalikuwa yameota unga. Unga wa buluu unaoelekea kijani, mkavu, unaotoka kwa ukucha.

Mtoto wa Likasi haulizi ile rangi ni nini.

Baba yangu alifanya kazi penye asidi, kwenye kiwanda cha shaba, na sisi tulimjua kwa suruali zake. Zilirudi na vitundu, kama zimeliwa na nondo wenye haraka. Funguo zake za shaba zilikuwa na unga huo huo, na nilipotaka kuulamba nikiwa mdogo alinipiga kofi ambalo ninalisikia mpaka sasa. Mama alikuwa na beseni la peke yake, nyuma ya choo, kwa ajili ya nguo za baba. Kabla ya sabuni alizimwagia maji ya majivu aliyoyachuja kwa kitambaa. "Asidi na majivu ni wake wenza," alikuwa anatueleza huku anakoroga na kijiti. "Ukibakutanisha banapigana, banachemka, kiisha bote babili banapoa. Haibakie muke, haibakie muke mwenzake. Inabakia chumvi." Na aliongeza jambo ambalo sikulifikiria tena miaka yote ile: kwamba asidi ikiwa na maji mengi haikuumizi, unaweza hata kuitia mkono. Inangoja. Nguo ikianikwa, maji yanakwenda, yenyewe inabaki, inazidi ukali kadiri jua linavyozidi. Pasi ikipita juu yake, basi.

Nilisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka.

Sikupitia mlangoni. Nilipanda ukuta na miaka yangu yote, na kilo zangu zote, mbele ya wale wa kwaya.

"Clotilde! Ijumaa ulitia nini mu maji ya kukamata rangi?"

"Weye hauchoke? Chumvi na vinegre. Batu bote banatia nini?"

"Vinegre ya wapi?"

"Ya humu! Ya depo ya Stanislas, pale penye kamba zake. Chupa muzima ilikuwa pale."

"Ilete."

Alitaka kukataa, lakini Papa Placide aliinua kidole, akaenda. Ilikuwa chupa ya siki ya kawaida, ya dukani, na karatasi yake yenye picha ya saladi. Chini yalikuwa yamebaki maji meupe kiasi. Nilifungua nikanusa. Nikampa Papa Placide anuse, naye akampa mwenzake, na chupa ikazunguka ua mzima kama kikombe cha pombe ya munkoyo. Pua zote zilirudi bure.

"Vinegre gani haina harufu?" nikauliza.

"Ya zamani," Clotilde akajibu. "Ilikaa. Harufu ilienda na mwenyewe."

Watu wake waliitikia. Nikaomba bikarbonati. Hilo halina taabu, kila jiko la kwetu linayo, bila hiyo mboga ya mulembwe haivutiki na maharagwe hayaivi. Nilimwaga kijiko kwenye sahani, nikadondosha yale maji juu yake. Povu lilipanda na kuchemka kwa sauti, likamwagika mezani. Ua ukalia: Yooo! Wale wa kwaya, waliokuwa wameshahamia juu ya ukuta, wakapiga makofi. Nami nikainua kidevu, mjinga mimi.

"Na vinegre pia inapandisha povu," Clotilde alisema.

Makofi yalikatika.

"Miye ninapika mikate. Ninatia bikarbonati na vinegre, inapanda vile vile. Mama Plamedie, unatuonyesha jiko?"

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma: alikuwa na haki kabisa. Siki nayo ni asidi, mpole wa ukoo ule ule, na bikarbonati haimuulizi mtu jina kabla ya kupigana naye. Nilisimama na kijiko mkononi.

Hapo ndipo mlango wa chumba ulipofunguka. Marcelline alitoka na watoto wake wawili, mmoja kila mkono. Hakutazama meza wala chupa. Sidhani hata alijua tulikuwa tunafanya nini.

"Papa Placide," alisema. "Nilishawaza. Ninasema jina."

"Sema, mwana."

"Funga kinywa!" nilipiga kelele. Sijui ilitoka wapi. Mbele ya mkuu wa ukoo wa watu, katika ua wa watu. "Marcelline, funga kinywa yako! Papa, munisamehe. Munipe leso yenu."

"Leso yangu?"

"Ni ya pamba?"

Akaitazama kama hajawahi kuiona. "Ni ya pamba."

"Munipe. Na muntu alete pasi ya makaa. Na vinegre yangu, pale kwangu, pembeni ya sukari. Mbio!"

Mpangaji wangu alikuja nayo na mswaki bado mfukoni. Nilitandaza leso juu ya meza. Kwenye pembe moja nikadondosha siki yangu, na harufu yake ikawafikia wote, mtu akapiga chafya. Kwenye pembe nyingine nikadondosha ya chupa ya Stanislas. Madoa mawili ya maji, yanayofanana kama mapacha. Nilimwomba Clotilde ashike pasi yeye mwenyewe, maana sikutaka mtu aseme mkono wangu una dawa. Nikawaambia wasogee nyuma, wasivute moshi.

Aliipitisha juu ya pembe ya kwanza. Mvuke, harufu ya saladi, kitambaa kikakauka cheupe.

Aliipitisha juu ya pembe ya pili. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha doa likapata rangi ya chai, halafu ya kahawa, halafu likawa jeusi, jeusi linalokua lenyewe kwa ndani, mbele ya macho yetu. Harufu kali ilituchoma puani. Clotilde aliinua pasi kama imemuuma. Papa Placide akasogea, akaweka kidole chake kirefu juu ya lile doa, akakandamiza kidogo tu.

Kidole kikapita upande wa pili.

Nakumbuka kuku mmoja alipita chini ya meza na tukasikia hatua zake. Papa Placide alibaki vile vile, kidole ndani ya leso yake, anakiangalia.

"Maji ya betri," mpangaji wangu alisema.

Marcelline alikaa chini mlangoni, polepole, bila kuachia mikono ya watoto. Nilifikiri analia, kumbe sauti ile ilikuwa ya kucheka, kicheko kikavu kibaya.

"Alikuwa anaitia mu chupa zote," alisema. "Chupa za vinegre, chupa za mafuta. Nilimuambia: Stani, siku moja muntu atakosea. Akaniambia: nani ataingia mu depo yangu? Miye sikuingia. Hata alipokufa, sikuingia."

Kwa hiyo ilikuwa kweli, mnaona. Mfu ndiye aliyekula nguo. Na nikaona kwamba wengine nao walikuwa wameshalielewa hilo, maana waliitazama ile chupa kama wanaitazama sura yake.

Lakini Papa Placide hakuwa mtu wa kuvuka mto kabla ya kuupima. Alivuta kidole, akajifuta kwenye koti.

"Maji ni maji," alisema. "Nimeona. Lakini nguo zote zilikuwa mu beseni moja. Juu ya nini ya mujane njo ilianguka ya kwanza? Juu ya nini ya kwake iliisha yote, na za bengine zilitoboka tu?"

Hilo mashini haikunifundisha, wala Mama. Niliona vichwa vinaanza kutikisika tena, na mkono wa Marcelline unamvuta Elikia karibu. Swali lile lilikuwa na mtu mmoja tu wa kulijibu, na mtu huyo angeweza kunyamaza. Angenyamaza, asingepoteza kitu. Angeondoka na watoto wa kaka yake.

"Ni miye," Clotilde alisema.

Alikuwa bado ameshika pasi. Aliiweka chini kwa uangalifu.

"Niliianzisha ya kwake. Nilimimina vinegre juu yake, ikiwa peke yake, maji bado kidogo. Nilitaka rangi yake ikamate kuliko za bote, juu ni nguo ya mwisho ya kaka yangu kumuvalisha. Kiisha nikaongeza maji, nikatia za bengine." Akafungua viganja, akamwonyesha Papa Placide, na tuliona ngozi inavyobanduka. "Toka Ijumaa inaniwasha. Nilifikiri ni chumvi."

Papa Placide alivitazama viganja vile. Kisha akaikunja leso yake, upande mzima ukifunika upande ulioungua, akairudisha mfukoni.

"Batoto bavue viatu," alisema.

Ndiyo hukumu yote aliyoitoa. Hakuna aliyeomba msamaha, si kwa mdomo. Wanawake wa ukoo waliamka wakaanza kupasha moto nyama ya jana, mmoja akasonga bukari, ule ugali wetu, mwingine akaniondolea kijiko mkononi maana nilikuwa bado nimekishika. Basi ya alasiri ilikwenda bila wao. Walipokuwa wanapakua, kelele ilikuwa imesharudi, kila mtu anamsimulia mwenzake jambo ambalo wote waliliona, na mimi nikiwa katikati, bila shaka, nikisahihisha.

Clotilde hakuwamo. Nilimwona kupitia mlango wa ua, ameketi kando ya barabara juu ya begi lake, mgongo kwetu. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Watu walimpita kama wanavyolipita shimo.

Marcelline alitoka na taulo begani na birika la maji mkononi, ndani ya bubu langu linaloburuta. Nilimfuata mpaka mlangoni. Sitadanganya, nilikuwa nimeshayatega masikio. Nilidhani atamwambia yale yote ambayo mwanamke anaweza kuyaweka kifuani kwa mwaka. Kwao, dada wa mume ni mume wa kike. Tangu alipoolewa Marcelline alikuwa anamwita Clotilde "bwana," na akimpa maji alikuwa anapiga goti.

Alisimama wima nyuma yake.

"Clotilde," akasema. Jina tupu.

Clotilde aligeuka kama amepigwa. Mimi mwenyewe nilishika nguzo ya mlango.

"Kuya unawe," Marcelline alisema. "Bukari inapoa."